Nyumba Njema Si Mlango: Mmomonyoko, Maji na Machimbo ya Makaa Yaliyofukiwa

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Aghalabu methali hii hutumiwa kuwaasa vijana wanaovutiwa na sura wakasahau tabia. Hata hivyo, inafaa pia mahali palipo mbali kabisa na mambo ya uchumba. Mgeni anayesafiri katika milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, hususan katika majimbo ya West Virginia na Kentucky, hupita kando ya vilima vilivyovikwa nyasi za kijani, laini kama zulia. Asipoambiwa, hatang'amua kwamba vilima hivyo viliwahi kupasuliwa kwa baruti, vikatolewa makaa ya mawe yaliyokuwamo, kisha vikafukiwa na kupandwa upya. Nyasi zile ndizo mlango. Yaliyomo ndani ni suala jingine.

Makala haya yanashikilia mambo matatu. Kwanza, ushahidi wa kuaminika kwamba ardhi iliyochimbwa makaa imepona hautolewi na nyasi bali na maji. Pili, kuzuia mmomonyoko na kupima maji si kazi mbili za idara mbili, bali ni kazi moja yenye mikono miwili. Tatu, dhamana ya mchimbaji haifai kurudishwa kabla maji hayajatoa ushahidi wake. Mambo haya yanahusu Marekani kwanza, kwa kuwa huko ndiko yalikojaribiwa kwa muda mrefu na kwa gharama kubwa. Lakini yanamhusu pia Mkenya ambaye nchi yake ina makaa ya mawe ardhini na ambaye hajui mustakabali wa makaa hayo utakuwaje.

Chimbuko la sheria

Uchimbaji wa wazi ni ule wa kuondoa miti, udongo na miamba iliyolala juu ya tabaka la makaa, kisha kuyazoa makaa mchana kweupe badala ya kuyafuata chini kwa chini. Njia hii ni nafuu kwa mwenye mgodi, na humwepushia mfanyakazi hatari ya kuporomokewa na paa la mgodi. Kwa mlima wenyewe haina unafuu wowote. Kwa miongo mingi wachimbaji wa Marekani waliyachukua makaa na kuiacha ardhi wazi kama kidonda kisichofungwa. Kifusi kilisukumwa bondeni, mvua ikakikokota hadi mitoni, na vijito vikageuka rangi vikawa vya kutu.

Mikasa miwili iliufunza ulimwengu kwamba taka za makaa zikikutana na maji hazina simile. Mnamo tarehe 21 Oktoba 1966, katika kijiji cha Aberfan nchini Wales, lundo la taka za mgodi lililokuwa limerundikwa juu ya chemchemi liliteleza na kuifunika shule. Watu 144 walifariki, 116 miongoni mwao wakiwa watoto. Mnamo tarehe 26 Februari 1972, katika bonde la Buffalo Creek huko West Virginia, bwawa lililojengwa kwa taka za makaa lilipasuka baada ya mvua na kuwaua watu 125. Jambo la kutilia maanani ni kwamba siku nne kabla ya maafa hayo, mkaguzi wa serikali kuu alikuwa amelitangaza bwawa hilo kuwa la kuridhisha. Ni kweli kwamba lundo la Aberfan lilitokana na mgodi wa chini ya ardhi, na bwawa la Buffalo Creek lilikuwa la taka za kuosha makaa. Lakini funzo ni lile lile. Jicho lilitazama likaridhika, ilhali maji yalikuwa yakifanya kazi yake kimyakimya.

Kwa hivyo, wananchi wa Marekani walidai sheria. Rais Gerald Ford alikataa mara mbili, mwaka 1974 na mwaka 1975, kuutia sahihi mswada uliopitishwa na Bunge. Hatimaye, tarehe 3 Agosti 1977, Rais Jimmy Carter aliidhinisha sheria ya kudhibiti machimbo ya wazi na kuirejeshea ardhi hali yake. Sheria hiyo ingali inatumika. Inamtaka mchimbaji aombe kibali kabla ya kuanza, aweke dhamana ya fedha, autenge udongo wa juu na kuurejesha, aurudishie mlima umbo lililokaribiana na la awali, apande mimea, na ayachunguze maji ya juu na ya chini ya ardhi. Baada ya kupanda kwa mara ya mwisho, mchimbaji huendelea kuwajibika kwa miaka mitano. Iwapo eneo hupata mvua isiyozidi inchi 26 kwa mwaka, yaani takriban milimita 660, muda huo huwa miaka kumi. Waliotunga sheria walielewa kwamba nchi kavu haiponi upesi.

Mkono wa kwanza: kuushika udongo

Mmomonyoko huanza na tone moja la mvua. Tone likiangukia jani hupoteza nguvu zake, na likiangukia udongo ulio uchi huupasua na kuuinua. Chembe zilizoinuliwa hufuata maji yanayoteremka, na maji hayo yakikusanyika huchora vijifereji. Vijifereji visipozibwa huwa makorongo. Kadiri mteremko unavyokuwa mrefu na mkali, ndivyo maji yanavyopata kasi, na ndivyo yanavyobeba mzigo mkubwa zaidi. Ndiyo maana usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mchimbaji mwenye busara huanza na maji kabla ya kuanza na makaa. Huchimba mitaro ya kuyakinga maji safi yanayotoka juu ili yasipite kwenye ardhi iliyochimbuliwa. Huchimbua sehemu ndogo kwa wakati mmoja, na kuifukia mara makaa yanapokwisha, badala ya kuuacha mlima mzima wazi. Hutandaza nyasi kavu au matandazo mengine juu ya udongo uliorejeshwa, na hupanda mbegu zinazoota upesi pamoja na zile zinazokawia lakini hudumu. Mitaro yenye mteremko mkali huitandika mawe ili maji yasiichimbe. Chini ya yote hayo, huweka bwawa la kutulizia mashapo. Maji machafu huingia humo, hutulia, udongo huzama, na maji yaliyochujika hutoka kuelekea mtoni.

Kanuni za Marekani hutaka bwawa la namna hiyo liweze kuyahimili maji ya mvua kubwa ya saa 24, ya kiasi kinachotarajiwa kunyesha mara moja kwa wastani katika kila miaka kumi. Aidha, bwawa haliwezi kuondolewa kabla ya kupita miaka miwili tangu mbegu za mwisho zipandwe. Hizi ni kanuni njema. Lakini kanuni njema mikononi mwa mtu mwenye pupa huweza kuzaa mambo yasiyokusudiwa, kama inavyodhihirika katika historia ya vilima hivyo vya Appalachia.

Kosa la kushindilia

Baada ya mwaka 1977, hofu kubwa ya wachimbaji na ya wakaguzi ilikuwa maporomoko. Kwa hivyo tingatinga zilipanda na kushuka juu ya kifusi, zikakisawazisha na kukishindilia hadi kikawa kigumu kama sakafu. Juu yake zikapandwa nyasi kali zinazoota upesi. Mlima ulikuwa wa kijani katika msimu mmoja, mkaguzi akaridhika, na dhamana ikaanza kurudi kwa mwenyewe.

Lakini udongo ulioshindiliwa haunywi maji. Mvua iliyonyesha haikupata njia ya kupenya, ikateremka juu juu kama iteremkavyo kwenye bati, na mafuriko ya ghafla yakaongezeka huko chini. Mizizi ya miti nayo ilishindwa kupenya, na miche michache iliyopandwa ilisongwa na nyasi zilizoinyang'anya mwanga na maji. Matokeo yake, mahali palipokuwa na msitu mnene wa miti ya asili pamebaki mbuga za nyasi ambazo hazijawa msitu hata baada ya miaka mingi. Kwa maneno mengine, juhudi za kuuzuia udongo usiende ziliyafanya maji yaende kwa kasi zaidi.

Wataalamu na maafisa walilitambua kosa hilo. Mnamo 2004, ofisi ya serikali kuu inayosimamia machimbo ya wazi, pamoja na majimbo ya eneo hilo, ilianzisha mpango wa kurejesha misitu ya Appalachia. Mpango huo hupendekeza udongo unaofaa miti wenye kina kisichopungua futi nne, yaani takriban mita 1.2, uliomwagwa bila kushindiliwa. Hupendekeza pia nyasi zisizo kali, na mchanganyiko wa miti ya kuvutia wanyama na miti ya mbao. Uso wa ardhi kama huo hauvutii. Una mabonde na mabonge, na mwanzoni huonekana kama shamba lililolimwa na mlevi. Lakini maji hupenya, na miti huota. Hapa methali ya nyumba na mlango inadhihirika waziwazi: uso laini uliupumbaza macho ulimwengu, na uso wenye mabonge ukauponya mlima.

Kinachozama na kisichozama

Lipo kosa la pili, nalo ni kubwa kuliko la kwanza. Ni kudhani kwamba maji yakitakata yamekuwa salama.

Katika miamba iliyolala pamoja na makaa mara nyingi mna madini ya pairaiti, ambayo ni mchanganyiko wa chuma na salfa. Madini haya yakiwa yamefunikwa chini ya ardhi hayana madhara. Yakipasuliwa na kukutana na hewa na maji, huungua polepole bila moto na kutoa asidi ya salfa pamoja na chuma kilichoyeyuka. Zipo bakteria zinazoishi kwa kazi hiyo na kuiharakisha mno. Asidi hiyo huyayeyusha madini mengine njiani, kama vile manganizi na alumini, na kuyabeba hadi mtoni. Chuma kikikutana na hewa zaidi huganda kuwa tope la rangi ya machungwa linalofunika mawe ya kijito, na chini ya tope hilo viumbe hawaishi.

Mahali ambapo miamba ina chokaa ya kutosha, asidi hutulizwa. Wengi huishia hapo, wakidhani tatizo limekwisha. La hasha! Chumvi zilizotokana na mapambano hayo ya asidi na chokaa hubaki zimeyeyuka majini. Bwawa la kutulizia mashapo haliwezi kuzikamata, kwa kuwa bwawa hukamata kinachozama, na kilichoyeyuka hakizami. Maji hutoka bwawani yakiwa maangavu kama kioo, nayo yamebeba mzigo usioonekana. Katika baadhi ya maeneo ya West Virginia, mzigo huo huwa na seleniamu, ambayo huweza kuharibu uzazi wa samaki hata ikiwa ndogo sana.

Namna rahisi ya kuutambua mzigo huo ni kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kwa kuwa maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme zaidi. Mwaka 2011, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilichapisha kiwango cha maikrosimensi 300 kwa sentimita kuwa kigezo cha kuwalinda wadudu wengi wa asili katika vijito vya Appalachia ya kati. Wadudu hao ni chakula cha samaki na ndege, na wakitoweka, mnyororo mzima hulegea. Vijito vilivyo chini ya mabonde yaliyojazwa kifusi mara nyingi huonyesha kipimo kinachozidi kigezo hicho maradufu na zaidi. Fauka ya hayo, vipo vijito visivyopimwa kamwe kwa sababu havipo tena. Serikali ya Marekani yenyewe ilikadiria kwamba kati ya 1985 na 2001 takriban maili 724 za vijito, yaani zaidi ya kilomita 1,100, zilifukiwa na kifusi katika eneo hilo.

Sasa na ilinganishwe hali hii na viwango vya sheria. Wakati mgodi ungali ukichimbwa, maji yanayotoka humo hupimwa mashapo, chuma, kipimo cha pH na, inapohitajika, manganizi. Mashapo hayaruhusiwi kuzidi miligramu 70 kwa lita siku yoyote, wala wastani wa miligramu 35 kwa siku 30. Ardhi ikishafukiwa na kupandwa, viwango vya taifa vya maji yanayotoka humo hupungua. Husalia kipimo cha mashapo yanayozama, yasiyozidi mililita 0.5 kwa lita, na kipimo cha pH kati ya 6 na 9. Yaani, wakati ule ule ambapo mzigo uliomo majini huwa umeacha kuzama na kuanza kuyeyuka, mizani ya sheria huangalia kinachozama. Huku ni sawa na kumpima mgonjwa wa moyo kwa kumtazama ngozi.

Mkono wa pili: daftari la maji

Mali bila daftari huisha bila habari. Maji nayo ni mali, na daftari lake ni vipimo. Kanuni za Marekani humtaka mchimbaji kuchukua vipimo vya maji ya juu na ya chini angalau kila baada ya miezi mitatu, tangu uchimbaji unapoanza hadi dhamana inaporudishwa. Katika maji ya chini hupimwa kina cha maji kisimani, chumvi zilizoyeyuka, pH, chuma na manganizi. Katika maji ya juu huongezwa mashapo na wingi wa maji yanayopita. Kabla ya hayo yote, hupimwa hali ya maji jinsi ilivyokuwa kabla ya tingatinga kufika.

Kipimo hicho cha awali ndicho msingi wa daftari zima. Asiyejua alikotoka hajui aendako. Mahali pasipo na kipimo cha awali, kila mzozo huishia katika maneno matupu. Mwanakijiji husema kisima chake kilikuwa kitamu, mchimbaji husema kilikuwa kichungu tangu zamani, na hakimu hana pa kushika. Vivyo hivyo, kipimo cha chini ya mgodi hakina maana pasipo kipimo cha juu yake. Kijito kilichoingia mgodini kikiwa na chumvi hakiwezi kumtia hatiani mchimbaji. Kilichoingia kikiwa safi na kutoka kikiwa kichafu hakihitaji wakili.

Hata hivyo, daftari la miezi mitatu lina kurasa nyingi zilizo tupu. Udongo hauondoki Jumatatu asubuhi kwa mpango wa ofisi. Huondoka usiku wa dhoruba, ndani ya saa chache, na mchukuaji wa sampuli anapofika wiki mbili baadaye, kijito kimeshatulia na kujisafisha. Kwa hivyo, vipimo vya ratiba pekee huweza kuwa vya kweli na bado vikapotosha. Yafaa viongezwe vipimo vya wakati wa mvua, pamoja na vyombo vinavyobaki kijitoni mchana na usiku vikirekodi wingi wa maji na upitishaji wa umeme. Vyombo hivyo si ndoto tena, kwani vinatumika katika vituo vya mito kote ulimwenguni.

Maji ya chini ya ardhi nayo yana hila yake. Kifusi kilichorudishwa shimoni hakijai maji mara moja. Huchukua miaka, kidogo kidogo, hadi maji yapate kiwango chake kipya na kuanza kutokea kwenye chemchemi. Asidi iliyozaliwa mwaka wa kwanza huenda isionekane hadi nyasi zimekwisha kukomaa na mchimbaji amekwisha kuondoka. Hapo ndipo mkono wa kwanza na wa pili hukutana. Matuta au mabonge yanayoyafanya maji yapenye ni dawa ya mmomonyoko, lakini yakipenya hadi kwenye miamba yenye pairaiti, dawa hiyo hugeuka sumu. Sharti kwanza miamba mibaya itambuliwe, itengwe, ifungiwe mbali na njia ya maji au ichanganywe na chokaa, kisha ndipo ardhi ya juu iachwe inywe. Asiyepima hawezi kujua azuie wapi na aachilie wapi.

Hoja za wapinzani

Wapo wanaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Husema kwamba dhamana ikishikiliwa muda mrefu, kampuni ndogo haziwezi kupumua, na vijana wa mabonde yale hawana kazi nyingine. Ni kweli kwamba makaa yalilisha vizazi vya watu wa Appalachia. Lakini fedha zisizotolewa na mchimbaji hazipotei hewani, bali hutolewa na mtu mwingine. Kwa ajili ya machimbo yaliyotelekezwa kabla ya 1977, Marekani imekuwa ikitoza ada kwa kila tani ya makaa, na mwaka 2021 Bunge lake lilitenga dola bilioni 11.3 zaidi kwa kazi hiyo hiyo. Hilo ndilo deni la akina babu, linalolipwa na wajukuu kwa riba.

Hoja nyingine ni kwamba dhamana haiwezi kushikiliwa milele, ilhali yapo maji ya asidi yatakayohitaji kutibiwa kwa muda usiojulikana mwisho wake. Hoja hii ina ukweli, na jibu lake limekwisha kupatikana. Katika jimbo la Pennsylvania hutumika mifuko ya amana. Mchimbaji huweka kiasi cha fedha ambacho faida yake hulipia tiba ya maji mwaka baada ya mwaka. Kama gharama ya amana hiyo inazidi faida ya makaa yenyewe, basi hesabu imejieleza: makaa hayo yaachwe yalipo.

Wengine husema kwamba kampuni kubwa haihitaji kuweka fedha, jina lake latosha. Dhamana ya neno tupu iliruhusiwa katika baadhi ya majimbo. Kisha, mwaka 2015 na 2016, kampuni za Alpha Natural Resources, Arch Coal na Peabody Energy, ambazo zilikuwa miongoni mwa zile kubwa kabisa, zilikimbilia mahakama kuomba kinga dhidi ya wadai wao. Serikali za majimbo zikajikuta zimeshika neno la mdaiwa aliyefilisika. Ahadi ni deni, lakini deni lisilo na kitu nyuma yake ni hewa.

Funzo kwa Ukambani, na kwa Kiswahili

Mambo haya yana uhusiano gani na Kenya? Katika bonde la Mui, kaunti ya Kitui, utafiti ulithibitisha kuwapo kwa makaa ya mawe, na eneo hilo likagawanywa katika vitalu vinne. Mwaka 2011 serikali iliichagua kampuni ya Uchina ichimbe viwili kati ya vitalu hivyo. Mradi ukaandamwa na kesi na kucheleweshwa kwa miaka mingi. Wakazi waliuliza kuhusu fidia na makazi, na walistahili kuuliza. Swali la maji nalo linastahili kupewa kiti cha mbele.

Kitui ni nchi kavu. Mito yake mingi hutiririka kwa msimu tu, na baada ya hapo watu huchimba mchangani kutafuta maji. Kwa miongo kadhaa jamii za huko zimejenga mabwawa ya mchanga, ambayo ni kuta zinazokinga mto ili mchanga ujae nyuma yake na kuyahifadhi maji yasinyonywe na jua. Bwawa la namna hiyo hutegemea mchanga mkubwamkubwa wenye nafasi za kukaa maji. Udongo laini wa mgodi ukiteremka na kujaa humo, nafasi huzibika na bwawa hufa ingawa ukuta ungali umesimama. Chumvi nazo, katika nchi ambayo mvua ya kuzisuuza ni haba, hukaa. Hivyo basi, kosa ambalo huko Appalachia humuua mdudu wa kijitoni, Kitui huweza kumnyima mama ndoo yake ya maji.

Kenya haiko mikono mitupu. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya Madini ya 2016 inatambua dhamana ya kulinda mazingira. Huko Bamburi, machimbo ya mawe ya chokaa yaliyoachwa wazi yalianza kupandwa mivinje mwaka 1971 chini ya usimamizi wa René Haller, na leo ni msitu unaotembelewa na wageni. Aidha, Ukambani wenyewe ni chuo cha hifadhi ya udongo. Machakos, iliyodhaniwa katika miaka ya 1930 kuwa imekwisha kuharibika, iliponywa na wakulima wake kwa matuta, ingawa idadi yao iliongezeka takriban mara tano kufikia 1990. Tuta lao, linalojengwa kwa kuutupa udongo upande wa juu wa mtaro, huitwa fanya juu. Jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya Kiingereza vya hifadhi ya udongo bila kutafsiriwa.

Wapenzi wa Kiswahili wana sababu ya kulitafakari jina hilo. Lugha iliyompa mtaalamu wa ng'ambo neno la kulitaja tuta haikosi maneno ya kuyataja mashapo, kifusi, matandazo, dhamana na amana. Hata hivyo, ripoti za athari kwa mazingira huandikwa kwa Kiingereza kizito, zikajaa majedwali, na kuwekwa ofisini. Tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Mazingira ilipoifuta leseni ya kiwanda cha umeme wa makaa kilichokusudiwa kujengwa Lamu, mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Kumsomea mtu hesabu za maji yake kwa lugha asiyoielewa si kumshirikisha. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari. Vikisomwa pamoja, vifungu hivyo vinatosha kudai kwamba iwapo mgodi utafunguliwa, vipimo vya maji vibandikwe barazani kila mwezi, kwa Kiswahili na kwa Kikamba, vikiwa na kipimo cha awali pembeni ili hata mwanafunzi wa darasa la saba aweze kulinganisha.

Hitimisho

Nyasi huota katika msimu mmoja, na miti katika kizazi kimoja. Maji hukumbuka kwa muda mrefu kuliko vyote viwili. Ndiyo maana yafaa yawe shahidi wa mwisho. Dhamana ya mchimbaji na irudishwe siku ambayo maji yanayotoka kwenye ardhi yake yamefanana na yale yaliyoingia, si siku moja ya kiangazi, bali msimu baada ya msimu, wakati wa jua na wakati wa dhoruba. Hadi siku hiyo, mlima haujapona, hata uwe wa kijani namna gani.

Huko Buffalo Creek mkaguzi alisimama mlangoni akaridhika, na siku nne baadaye watu 125 hawakuwapo. Kenya ingali nje ya nyumba hiyo. Ina nafasi ambayo Appalachia haikupata, ya kufungua na kuangalia ndani kabla ya kuhamia.